Je, sadaka ya mama wa michopo ni najisi?



Hapa Likasi swali moja limeletwa mbele yetu mashemasi. Mama mmoja wa kanisa anachoma michopo usiku mbele ya nganda. Ndugu wengine wanasema pesa ile inanuka pombe, tusiipokee kwa sadaka.

Kanisa letu linakataza pombe, tumbaku na dansi. Sheria hiyo hatuigusi. Lakini mama huyu hanywi wala hachezi. Anauza nyama ya mbuzi.

Tukumbuke mji huu ulivyokuwa. Ulipoitwa Jadotville, Union Minière ilitoa kazi, nyumba ya kambi, posho ya unga, hata furaha: sinema, mpira, serkle. Kisha Gécamines ikaendelea vile. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines, huku na miji mingine ya Katanga, wakaacha kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa kupenda. Baba wengi wakabaki nyumbani, mama wakatoka kutafuta. Mchana sokoni wauzaji ni wengi kuliko wanunuzi. Mwenye pesa unamkuta usiku: dreva wa lori, mchuuzi, mgeni aliyetoka kuona maporomoko ya Mwadingusha au ziwa Tshangalele. Na mgeni si mwenye dhambi kwa kuwa mgeni. Sisi wenyewe tunapokwenda Lubumbashi, kule Baba Simon Kimbangu alikufa gerezani tarehe 12 mwezi wa 10, 1951, kisha kufungwa miaka 30, tunatafuta pa kulala na pa kula.

Ndugu wanatuonyesha Kumbukumbu la Torati 23. Tumeisoma. Inakataza mshahara wa kahaba, haisemi juu ya nyama. Katika Luka 3 watoza ushuru walimwuliza Yohana wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi, aliwaambia wasizidishe. Tena (tuseme bila kuficha) yuko ndugu mwenye kupangisha parseli yake kwa nganda, na fungu lake la kumi halijaulizwa na mtu. Kwa nini mama tu?

Basi sadaka tunaipokea. Kinachotusumbua ni kingine: binti yake, mwenye miaka 14, anapeleka sahani katikati ya walevi mpaka usiku wa manane. Hapo hatuwezi kunyamaza. Tulimwita mama, tukamwambia binti asifike tena pale. Akajibu: «Vizuri, baba mashemasi. Nani atanibebea makaa na sahani?»

Tulikaa kimya sana.

Sasa siku ya tano na siku ya posho shemasi wawili wanakwenda kwa zamu. Wanabeba makaa, wanapeleka sahani, na binti anabaki nyumbani na daftari zake. Wako wanaosema kwamba wamewaona mashemasi kwa nganda. Ni kweli, walituona.