Juu ya Picha ya Sinema Ionyeshayo Mtoto Mwenye Pepo

(Marko 9:14–29)



Mwalimu mmoja wa mtaa wa kando ya ziwa, upande wa Mbamba Bay, ametuletea swali, naye ataka jibu lililo wazi. Asema ya kuwa vijana wa kwaya huketi katika kibanda cha video hata usiku wa manane, wakitazama picha za watu waliopagawa na pepo. Na wasiofika kibandani huzipata katika simu zao. Auliza, Je, ni dhambi kuzitazama? Tena ameongeza neno la pili, ambalo kwetu ni zito kuliko la kwanza. Yuko binti katika mtaa wake mwenye kifafa, aliyekuwa akimeza vidonge vya hospitali kila siku, na kuanguka kwake kulikuwa kumepungua sana. Vijana walipokwisha kuiona picha ile walimwambia mama yake kwamba mtoto hana ugonjwa, ana pepo. Basi mama ameviweka vidonge juu ya dari, asimpe tena.

Na tuitazame kwanza picha yenyewe, maana si haki kuhukumu neno tusilolijua. Yaitwa The Exorcist. Ilitolewa Marekani mwezi wa Desemba 1973. Aliyeiongoza ni William Friedkin, naye aliitoa katika kitabu cha William Peter Blatty cha mwaka 1971. Habari yake ni ya msichana wa miaka 12, jina lake Regan, aliyechezea ubao wa kuulizia mizimu, kisha akageuka hali yake. Mama yake ampeleka kwa madaktari, nao wampima sana wasione kitu. Mwisho waitwa mapadre wawili. Yule mzee afa chumbani katikati ya kazi. Na yule kijana, Padre Karras, amwita pepo amwingie yeye badala ya mtoto, kisha ajitupa dirishani, afa, na mtoto apona.

Wengi wetu hawajui ya kuwa asili ya habari hiyo iligusa nyumba ya Kilutheri. Mwaka 1949, karibu na mji wa Washington, kijana mmoja mwanamume wa jamaa ya Kilutheri alisumbuliwa kwa mambo ya ajabu. Mchungaji wao, Luther Miles Schulze, alimlaza nyumbani mwake usiku mmoja ili amwangalie mwenyewe. Baadaye Wajesuiti wa St. Louis walimwombea majuma mengi, hata mwezi wa Aprili akatulia. Hakuna padre aliyekufa, wala hakuna aliyeruka dirishani. Na kijana yule alikua, akawa mtu mzima mwenye kazi yake. Blatty, aliyekuwa mwanafunzi wakati ule, aliisoma habari hii katika gazeti, na mengine akayatunga.

Nayo yatishayo macho yalitengenezwa kwa mikono ya watu. Yale matapishi ya kijani ni mchuzi wa njegere. Sauti ya pepo ni ya mama mmoja mwigizaji, Mercedes McCambridge. Chumba kilitiwa baridi kwa mashine ili pumzi zionekane. Kijana wetu asiyeweza kulala bila taa amekimbizwa na mchuzi wa njegere! Hayo na aambiwe kwa upole, maana hofu yake ni ya kweli hata kama kilichomtisha si cha kweli.

Hata hivyo hatutasema picha hii ni uovu mtupu. Mama yule hamwachi mtoto wake. Aenda kwa madaktari kwanza, wala haoni haya. Tena mtunga habari hamcheki Shetani kama wafanyavyo wenye elimu wengi. Sisi tunaomkataa Shetani na kazi zake zote kila tunapobatiza hatuwezi kusema ya kwamba hayuko.

Lakini itazameni vema. Nani amepewa maneno mengi? Pepo. Jina la Kristo laitwa humo kama mtu amwitaye mwenziwe aliye ng'ambo ya ziwa, asijue kama amesikia. Na mwisho mtoto aokolewa kwa kifo cha padre, kana kwamba Shetani bado adai damu ya mtu ndipo amwachilie mtu mwingine. Hapo ndipo tunapoikataa. Damu ilikwisha kumwagwa, mara moja tu, nje ya mji wa Yerusalemu.

Sasa linganisheni na Marko, mlango wa 9. Baba amemleta mwanawe ambaye huanguka, hutoka povu, hutupwa motoni na majini. Bwana Yesu afanya nini kwanza? Hamwulizi pepo neno lo lote. Amwuliza baba: tangu lini? Ni swali la mganga mwema, aulizaye kabla ya kutibu. Tena angalieni mstari wa 25. Alipoona makutano wanakuja mbio, ndipo alipomkemea yule pepo. Hakumwacha mtoto awe tamasha. Kisha amshika mkono, amwinua. Sinema yafanya kinyume: yawaita makutano, yawauzia tiketi, na mtoto anayeteseka ndiye mchezo wenyewe.

Nasi twawajua waliolipa kwa ajili ya mambo haya. Huko Ujerumani, katika mji wa Klingenberg, alikuwako binti Mkatoliki, Anneliese Michel, ambaye madaktari walikuwa wamemtibu kwa kifafa. Mapadre wawili walifanya juu yake ibada ya kutoa pepo mara 67. Akaacha kula. Tarehe 1 Julai 1976 alikufa, umri wake miaka 23, mwili wake ukiwa na uzito wa kilo 31 tu. Mwaka 1978 wazazi wake na mapadre wale walihukumiwa kwa kosa la uzembe uliosababisha kifo. Na mwaka 2005 ikatoka sinema juu ya habari yake, The Exorcism of Emily Rose, nayo yazungushwa vivyo hivyo kutoka simu hata simu.

Kwetu wazee wa Umatengo walisema ni mahoka. Vijana wa leo wasema ni pepo, kwa kuiga picha. Majina yamebadilika, na mtoto aangukaye ni yule yule. Daktari Louise Jilek-Aall wa Norway alipofika Mahenge, karibu na mwaka 1960, aliwakuta wenye kifafa wana makovu ya moto, kwa kuwa watu waliogopa kuwagusa walipoanguka. Akawapa dawa za kila siku, na wengi kuanguka kwao kukapungua. Dawa hizo, zikikatwa ghafula, mtu aweza kushikwa na kifafa kisichokoma hata afe. Nasi tu watu wa ziwani: binti yule huchota maji, hupika motoni, hupanda mtumbwi.

Basi, mwalimu, jibu letu ni hili. Mtu mzima akiitazama picha ile hatumfungii meza ya Bwana. Lakini watoto wasipelekwe, na kijana ambaye picha imempa ujasiri wa kumpima jirani yake pepo, huyo na aonywe. Kwa binti, fuata shauri alilolitoa Luther mwaka 1545 kwa mchungaji mmoja aliyekuwa na mgonjwa: nenda nyumbani kwake pamoja na wazee wawili au watatu, mwekeeni mikono, semeni Imani na Sala ya Bwana, mkamwombe Kristo kwa utulivu. Kelele zisiwepo, wala kumpiga, wala kumfungisha chakula. Wenye simu za kupigia picha wabaki nje. Lakini kabla ya sala, mama na avishushe vidonge kutoka darini siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa siku zimepita bila dawa, mwende naye hospitali pamoja, na nauli itoke katika sadaka ya mtaa.