Je, Fedha Iliyokwisha Kutolewa Yatudai?

Mara nyingi twamsikia mtu akisema, "Nimekwisha kutoa nyingi, siwezi kuacha sasa." Je, asema kweli? Tulipime neno hilo kwa mchezo wa karata uitwao poka, maana wachezaji wake hukutana na swali hili kila siku.

Katika poka ichezwayo sana siku hizi, watu wawili walio kushotoni kwa mgawa karata hutoa dau kabla ya kuona karata zao. Wa kwanza hutoa nusu, wa pili dau zima. Hawakupenda wenyewe, ni zamu tu, nayo huzunguka meza yote. Tuseme wa kwanza ametoa franka 100, wa pili 200. Kisha mwenzao apandisha dau hadi 500, na wengine wote wajitoa. Yule wa pili atazama karata zake: ni dhaifu. Moyo wamnong'oneza, "Zile 200 ni zako, zilinde!"

Moyo wamdanganya. Zile 200 si zake tena. Ni za meza, naye atakayeshinda atazichukua. Mezani mna 800, na kubaki kwataka 300 nyingine. Basi yampasa kutumaini kushinda walau mara tatu katika kila mara kumi na moja, asipate hasara. Tena, katika mizunguko ifuatayo yeye atatangulia kucheza, na mpinzani atajua nia yake kabla ya kuamua. Kwa hiyo ahitaji karata nzuri kuliko hesabu hiyo. Mchezaji mwenye busara hubaki akiwa na karata za kufaa. Asipokuwa nazo, huziweka chini bila uchungu. Yule wa nusu dau huacha mara nyingi zaidi, maana kubaki kwamgharimu 400.

Wala tusidhani kwamba kutoa kabla ya kuona ni upumbavu. Hapa Kisangani, Wagenia husimamisha miti mikubwa katika miamba ya maporomoko na kuning'iniza mitego yao ya kusukwa kabla hawajaona samaki hata mmoja. Mkulima naye huzika mbegu asijue mvua. Bila kuthubutu hivyo hatungekula. Lakini mkondo ukiuchukua mtego, nani atamsifu mvuvi ajitupaye majini kuufuata?

Hata hivyo wako wafanyao hivyo nchi kavu. Katika machimbo ya almasi, mtu huwapa wachimbaji chakula na majembe kabla ya kuona mchanga wa chini. Shimo lisipotoa kitu, auza baiskeli. Kisha auza kiwanja. Mwisho karo ya watoto yaingia shimoni. Ukimwuliza sababu, hasemi kwamba ameona dalili ya almasi. Asema tu kwamba amekwisha kutoa nyingi. Lakini shimo halijui nani amelilipa, wala halioni haya kumnyima.

Labda msomaji atauliza: basi, mume aliyechoka aseme, "Yaliyopita yamepita," akamwacha mkewe? Mtoto amwache mzazi mgonjwa kwa kuwa dawa zimekula fedha bure? Hasha! Mume hakuweka dau, alitoa ahadi. Fedha iliyopotea haitungojei popote. Mtu tuliyemwahidi atungojea. Hata mwenye shimo, siku aamuapo kuacha, awalipe kwanza wachimbaji wake yale waliyopatana, maana hilo ni deni la haki.

Basi, tukishikwa na neno lile la "nimekwisha kutoa nyingi", tujiulize: ni nani atungojeaye? Ikiwa ni mtu, tukae, hata kwa hasara. Ikiwa ni fedha tu, tukumbuke neno la wazee, kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Tuilinde ile iliyobaki mfukoni, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayowalisha watoto kesho.