Debe la Kumi

JUMANNE

Soma Kumbukumbu la Torati 14:22–29. Ni akina nani waliokula na kushiba kwa zaka ya mwaka wa tatu?

Maharage yakishapigwa na kupepetwa, nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo huyagawa kwa debe: debe la mbegu, debe la ada ya shule, debe la deni la dukani. Kisha huja debe la kumi. Je, ni haki kanisa kumfundisha mtu wa namna hii habari za zaka? Wengine husema agizo hilo lilikuwa la Walawi, nalo limepita. Wengine husema maskini asiguswe.

Zaka haikuanza na Walawi. Abramu alimpa Melkizedeki sehemu ya kumi (Mwanzo 14:20), na Yakobo akaweka nadhiri ya kutoa kama hiyo (Mwanzo 28:22), zamani kabla ya Sinai. Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa kuacha haki na rehema, si kwa kutoa zaka (Mathayo 23:23). Naye Paulo alifundisha kwamba mhubiri wa Injili apate riziki kwa Injili (1 Wakorintho 9:13, 14).

Waadventista wenyewe walifika hapo hatua kwa hatua. Mwaka 1859, huko Battle Creek, Marekani, walikubali mpango wa kutoa kwa utaratibu, kwa sababu wahubiri walikuwa wakikosa riziki. Fundisho la sehemu ya kumi ya mapato lilikuja kushika nafasi ya mpango huo katika miaka ya 1870, baada ya kuyachunguza Maandiko zaidi. Waliofundishwa kwa Biblia mkononi hawana budi kuwafundisha wengine vivyo hivyo, wala si kwa vitisho.

Soma Marko 12:38–44. Yesu alisema nini kuhusu nyumba za wajane kabla ya kumsifu mjane aliyetoa senti zake?

Maneno hayo mawili yamewekwa pamoja. Anayesoma habari za senti na kuruka habari za nyumba zilizoliwa amefundisha nusu tu. Kwa hiyo mafundisho ya zaka yawe kamili.

Kwanza, yaeleze hesabu. Mkulima aliyevuna madebe 24, akarudisha manne aliyokopa kwa mbegu, ameongezewa madebe 20. Zaka yake ni mawili. Asiyevuna kitu hadaiwi kitu.

Pili, yalinde heshima ya mtu. Mhazini ampe kila mtoaji stakabadhi, na majina yasisomwe mbele ya watu. Kwa kanuni ya kanisa, zaka si kipimo cha ushirika; mshiriki hafutwi kwa kutoitoa. Mjane asiyekuja Sabato kwa kuona haya kwamba bahasha yake ni tupu ameeleweshwa vibaya, na mzee wa kanisa ana wajibu wa kumfuata nyumbani.

Tatu, yamkumbuke mgeni. Katika kambi ya Nyarugusu wako waumini kutoka Kongo wanaoishi kwa chakula cha mgawo. Torati iliwaweka mgeni, yatima na mjane upande wa wanaopokea. Leo zaka hutunza kazi ya Injili. Basi kanisa linalopokea zaka lazima liwe na sadaka na ghala la Dorkasi kwa ajili ya hao. Mgeni akitaka kutoa kwa moyo wake, asizuiwe, wala asiulizwe.

Hivyo kanisa lifundishe zaka. Likinyamaza, linamnyima maskini heshima ya kuwa mshiriki katika kazi ya Mungu. Likidai bila kuhurumia, linaingia katika lawama ya Marko 12:40.

Swali la kujadili: Katika kanisa lenu, ni nani aliyepungukiwa na chakula msimu huu? Darasa lenu litamfikia lini, na kwa kitu gani?