Je, Kila Kilichoruhusiwa ni Chema?

Leo twataka kulitazama swali moja la kale kwa habari iliyotokea mbali, katika maji ya baridi kali.

Huko Marekani, katika jimbo la Washington, upo mji wa Seattle, kando ya mkono wa bahari uitwao Puget Sound. Wakati wa baridi maji yake huwa na joto la digrii 8 hivi tu, nayo huunyang'anya mwili joto upesi kuliko hewa. Hata hivyo, asubuhi za Januari watu hufika pwani, huvaa nguo nene zisizopenyeza maji, hujifunga mitungi ya hewa mgongoni, kisha huzama. Chombo chao cha kupumulia kilitokana na kazi ya Jacques Cousteau na Émile Gagnan, huko Ufaransa, mwaka 1943. Mbona wanazama wakati wa baridi? Kwa sababu wakati huo vijimea vidogo sana vya majini hupungua, maji yakawa maangavu, na jicho likaona mbali.

Wanatafuta kuona viumbe vya bahari, na hasa pweza mkubwa wa Pasifiki, mnyama asiye na mifupa, mwenye mikono minane na mioyo mitatu. Jike hutaga mara moja tu maishani mwake, mayai maelfu kwa maelfu. Huyalinda pangoni miezi sita hivi, akiyapepea maji safi, wala hali kitu. Watoto wakiisha kuanguliwa, mama hufa.

Basi, tarehe 31 Oktoba 2012, kijana mmoja alizama hapo Seattle, mahali paitwapo Cove 2, panapopendwa sana na wapiga mbizi. Alipigana na pweza, akamshinda, akamtoa nje ili amle. Leseni alikuwa nayo, na sheria ilimruhusu pweza mmoja kwa siku. Lakini wapiga mbizi waliokuwapo walikasirika, wakampiga picha. Habari ikaenea, watu wengi wakamtukana, wengine hata wakamtishia maisha.

Twauliza: kijana huyo alikosa?

Wa kwanza watasema: hakukosa, maana sheria ilimruhusu. Twawajibu: sheria ni ua wa shamba, siyo shamba lenyewe. Ua huonyesha mpaka. Haumwambii mwenye shamba alime vipi ndani yake. Sheria hukataza mabaya ambayo watu wamekwisha kuyatambua. Yale wasiyoyatambua bado, ni kazi ya dhamiri kuyaona.

Wa pili watasema: alikosa, kwa kuwa aliua mnyama wa ajabu. Jibu hili nalo halitoshi. Katika wale waliomlaumu, wangapi walirudi nyumbani wakala samaki? Binadamu huishi kwa kuvua na kuwinda, na uzuri wa mnyama peke yake haumfanyi mlaji kuwa mkosefu.

Sisi twaliona kosa mahali pengine. Pweza aliyeachwa pangoni huwafurahisha wote wanaovumilia baridi ili wamwone. Aliyetolewa alimfaa mmoja. Tena mpiga mbizi hawezi daima kujua kama mnyama aliyejificha pangoni analinda mayai, na mwenye shaka ya namna hiyo afadhali auzuie mkono wake. Yapo maswali mawili. La kwanza: «Naruhusiwa?» La pili: «Nani mwingine ana fungu hapa?» Mtu akikoma kwenye swali la kwanza, aweza kuwa na leseni mfukoni na bado akawadhulumu wenzake.

Lakini na wale waliomtishia tuwaseme. Kumtetea pweza kwa kumtisha binadamu ni kugeuza mizani. Hasira yao ilikuwa na sababu. Matusi yao hayakuwa na haki. Njia iliyo sawa ilionekana baadaye. Mwaka 1 tu haujapita, tume ya samaki na wanyama ya jimbo iliwasikiliza watu, na katika mwaka 2013 ikakataza kumkamata pweza huyo katika mahali 7 panapopendwa na wapiga mbizi. Penginepo uvuvi haukufungwa. Hivyo mvuvi hakunyimwa chakula, na mtazamaji hakunyimwa furaha yake.

Na sisi je? Pweza hatuna. Lakini katika Ziwa Tanganyika tunao ndagala, na wapo wanaowavua kwa nyavu za macho madogo mno, zinazozoa hata watoto wa samaki. Usiku, taa zikiwaka juu ya maji, mara nyingi hakuna askari karibu wa kumzuia mtu. Mvuvi yuko peke yake na wavu wake. Tusingoje mpaka sheria itushike mkono ndipo tuulize nani mwingine ana fungu katika ziwa hili. Wengine wenye fungu hilo wamelala nyumbani mwetu, nao bado ni wadogo.