Kabla ya kura, alimhudumia mkulima

Utajiri wa mfanyabiashara hautuambii kama atakuwa kiongozi mwema. Waliouziana naye ndio wanaojua. Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza wakati wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wakilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani. Angeweza kukaa na faida yake mjini. Badala yake alikwenda vijijini kuwaunganisha, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ambao ulikuja kuwa miongoni mwa mikubwa kabisa barani Afrika. Uongozi wa nchi ulimkuta tayari akiwa kazini: akawa waziri wa fedha mwaka 1962, na miaka kumi baadaye akaenda Marekani kuwa balozi wetu.

Ninyi wa Tarime mnaouza kahawa na ninyi wa Serengeti mnaouza pamba, akija mgombea mwenye maduka na malori, waulizeni kwanza wakulima aliowahi kununua mazao yao. Wasikilizeni kabla hamjapokea kofia na kanga zake.