Jela Isiyopata Mfungwa

Je, ni halali kwa mja kustarehe mahali walipoteseka wenziwe? Aghalabu swali hili huulizwa na wageni wanaokuja kupumzika katika fukwe zetu. Sisi tunaoishi kwa kuwapokea hatuliulizi sana, na nadhani sababu ni kwamba nyuma yake liko swali jengine linalotuhusu zaidi: je, ni halali kumsimulia mgeni uwongo unaomfurahisha?

Nachukua mfano wa kisiwa cha Changuu, kinachoonekana kutoka ufukwe wa Mji Mkongwe. Mashua hufika kwa muda wa nusu saa hivi. Mgeni huogelea, huwalisha makobe wakubwa ambao asili yao ni wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, kisha hutembezwa penye jengo la jela. Siku moja nilivuka na jamaa zangu waliotoka bara, tukamsikia kijana aliyetutembeza akieleza jinsi wafungwa walivyokuwa wakilia usiku ndani ya kuta zile. Bibi mmoja miongoni mwetu alijifuta machozi. Mimi niliujua ukweli, nami nilinyamaza. Hata leo ukimya ule wanikera.

Kwani jela ile haikupata mfungwa. Sir Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza mawaziri wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa mwaka 1893 kwa nia ya kujenga gereza. Jengo likasimama, lakini likaishia kuwa sehemu ya kituo cha karantini, mahali pa kuwazuia abiria wa meli waliohofiwa kuleta maradhi ya kuambukiza. Hofu hiyo haikuwa ya bure: katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu Unguja. Kituo chenyewe kilikaliwa kiasi cha nusu ya mwaka tu, na miezi iliyobaki watu walikwenda huko kupumzika. Inasimuliwa pia kwamba zamani zaidi, kabla ya jengo hilo, watumwa walioonekana wakaidi walizuiliwa kisiwani humo.

Yule kijana angeweza kunijibu hivi: “Mzee, mgeni halipi nauli ili asikie habari za karantini. Jina la jela ndilo linalojaza mashua, na mashua ndiyo inayonilisha. Nani aliyedhurika?” Hoja hii si ya kudharauliwa. Jina hilo hakulibuni yeye, alilikuta. Wala haipendezi aliyeshiba kumkaripia mwenye njaa kwa sababu ya tarehe za kale.

Hata hivyo wako waliodhurika. Wa kwanza ni wale waliokuwako kweli: msafiri aliyetengwa na wenziwe akiwa na homa, akiutazama mji ng’ambo asijue kama atauingia, na mtumwa, kama kisa chake ni cha kweli, ambaye hakuwa na kosa ila kuukataa utumwa. Hao tumewanyang’anya machozi yao tukawapa wafungwa wasiopata kuzaliwa. Marehemu hawezi kujitetea, na kwa sababu hiyo dhulma anayofanyiwa ni nyepesi kuitenda na nzito kuijibu.

Wa pili ni wale wa Mkunazini. Pale soko la watumwa lilikuwako kweli, hadi Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga mwezi Juni 1873. Mgeni hupelekwa huko na Changuu katika safari moja, pengine na kijana yule yule. Siku atakaposoma kwamba jela ilikuwa hadithi, kitamzuia nini asidhani kuwa na soko ni hadithi vilevile? Anayeuongezea msiba wa kweli chumvi ya uwongo humpa asiyetaka kuusikia sababu ya kuukanusha wote.

Wa tatu ni sisi wenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Changuu palikuwa mahali ambapo methali hiyo ilipinduliwa: mgeni alizuiwa ili mwenyeji apone. Je, ilikuwa haki kumweka mtu mmoja kifungoni bila kosa kwa ajili ya uzima wa wengi? Na nani aliamua ni abiria gani azuiliwe, na alazwe wapi? Mwaka 2020, neno karantini liliporudi midomoni mwa dunia nzima, maswali hayo yalitukuta hatuna la kusema, ilhali tulikuwa na kisiwa kizima cha kutufunza. Tulikuwa tumekiuza kwa jina la jela.

Narudi kwenye swali la mwanzo. Kuogelea Changuu sioni kuwa ni dhambi. Katika miaka ile ile kisiwa kimoja kilikuwa makao ya wagonjwa na mapumziko ya wazima, na bahari haikuwabagua. Starehe peke yake haiwadhulumu waliotangulia. Huwadhulumu pale inapodai kwamba mateso yao yabadilishwe sura ili yafae kuburudisha.

Ama kuhusu kijana yule, lawama kubwa ni yangu. Ningeweza kumvuta kando tuliporejea, nikamsimulia habari ya abiria na homa yake. Yule bibi angelilia vilevile, na chozi lake lingekuwa na mwenyewe.