Kilatini na Hiari ya Mtoto

Swali la iwapo mtoto anayefundishwa nyumbani alazimishwe kuendelea na Kilatini kinapomshinda ni la kifalsafa, kwa kuwa linahusu hiari, yaani uwezo wa nafsi kukubali jambo bila kushurutishwa. Augustino wa Thagaste (354–430), katika kitabu chake Maungamo, anaeleza kwamba Kilatini alikipata kwa maneno ya upole na michezo ya walezi wake, ilhali Kigiriki, alichofundishwa kwa vitisho, alikichukia. Hata hivyo haikatai nidhamu, na hapo ndipo ugumu wa hoja yake ulipo. Naye mwandishi Montaigne, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1533, alilelewa na watu walioagizwa wazungumze naye Kilatini tu, anasa ambayo wazazi wachache wanaimudu. Mzazi wa kawaida anaweza kuweka kando majedwali ya nomino na kumsomea mtoto sentensi mbili, agricola puellam videt (mkulima anamwona msichana) na puella agricolam videt (msichana anamwona mkulima), mpaka agundue mwenyewe kwamba mwisho wa neno ndio unaomtenga anayeona na anayeonwa. Na akikwama hata hapo, kuahirisha somo si uzembe, maana Augustino hakukimudu Kigiriki vyema, wala elimu yake haikuporomoka kwa hilo.